Acha Nibonyeze Kwanza

Muuza maparachichi wa soko la Mgandini, Tanga, ana adui mmoja tu, naye ni kidole gumba cha mteja. Amedamka alfajiri, amepokea mzigo kutoka Lushoto, ameyapanga mafungu yake kwa ustadi, makubwa yakitazama njia na yenye makovu yakigeuziwa ukuta. Mara anatokea mama na kikapu chake. Anabonyeza la kwanza, anabonyeza la pili, la tatu analipa mbonyezo wa kina unaokaribia kokwa, anasonya, anataja bei ambayo hata mwaka juzi isingekubalika, kisha anaondoka zake. "Bi mkubwa, hilo si godoro!" anafoka muuzaji. Naye, bila kugeuka: "Wala mimi sijalala, mwanangu." Kinachobaki mezani ni tunda lenye alama ya dole. Mteja atakayefuata ataliona limeharibika na atalikataa, ila kabla ya kulikataa atalibonyeza.

Desturi ni kumlaumu mama huyo. Mimi nasimama upande wake, tena si kwa huruma bali kwa hoja. Parachichi halilainiki mtini. Hukomaa huko juu likabaki gumu, na kuiva huanza siku linapochumwa. Aina nyingi zinazoteremka kutoka milima ya Usambara hubaki za kijani tangu zikiwa ngumu hadi zinapopondeka, kwa hiyo jicho halina ushahidi wowote wa kutoa. Sikio linao kidogo, maana wapo wanaolitikisa wasikie kama kokwa limeachana na nyama. Mwenye elimu kamili ni kidole, na kidole hakijui kitu mpaka kiguse. Ndipo ninapofika kwenye dai langu, ambalo najua litawaudhi wapenda usafi na wapenda utaratibu: raha ya kununua chakula na mikasa ya kununua chakula ni mali moja. Soko linalotuachia kunusa, kubonyeza, kutikisa na kuonja ndilo hilo hilo linalotuchafua, linalotuwasha na kutuaibisha mbele za watu. Duka linalotuahidi kutuepusha na mikasa hiyo hutuuzia nyanya nne ndani ya kisahani kilichofungwa plastiki juu, kisha hutuomba tuamini.

Kuamini kwa macho kuna hasara zake, na shahidi wa kwanza anatoka Muheza. Chungwa la Muheza huiva likiwa la kijani. Ngozi ya chungwa hugeuka njano pale usiku unapokuwa wa baridi ya kutosha kuifukuza rangi ya kijani, na usiku wa pwani yetu hauna baridi ya kumfukuza mtu yeyote. Ndani limejaa maji na sukari. Nje linaonekana limechumwa kabla ya wakati. Mgeni anayeshuka basi Segera au Michungwani hulitazama kwa huzuni, akauliza kama hayajafika yaliyoiva. Muuzaji habishani naye. Anamenya moja, analikata juu, anampa. Mgeni ananyonya, ananyamaza, maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko na kuingia ndani ya mkono wa shati, na anaondoka na mfuko mzima na shati moja la kufua. Sasa mpeleke mtu huyo huyo kwenye duka lenye kiyoyozi, umwekee machungwa ya njano yanayong'aa yaliyotoka nchi za mbali, na pembeni yake umwekee ya Muheza. Macho yake yatachagua ya njano, na shati lake litabaki safi. Atakuwa ameepuka mkasa na ameikosa raha kwa malipo ya mara moja.

Nazi nayo ina somo lake, na somo hilo hufundishwa sikioni. Mtu wa pwani anajua kwamba tunda la mnazi hupita madaraja: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata. Dafu likijaa maji hadi ukomo ukilitikisa linanyamaza. Koroma linaanza kunong'ona. Nazi iliyokauka vizuri huchekesha maji yake waziwazi, na mbata haina maji tena, nyama yake imeachana na kifuu na hugonga kwa ukavu. Kwa hiyo ukiona kikongwe wa Pangani ameshika nazi sikioni na kuikunjia uso, usimcheke, anasoma. Lakini sikio nalo hudanganywa. Ipo nazi inayocheka vizuri kabisa sokoni, ikafika nyumbani, ikavunjwa mbele ya wageni, na harufu yake ikatangaza kwa nyumba ya tatu kwamba leo hapa tui halitapatikana. Sijui adhabu ya haraka zaidi kwa mtu aliyejisifu njia nzima kwamba yeye hachaguliwi nazi. Hata hivyo kesho yake mtu huyo atanusa yale macho matatu ya nazi kabla ya kulipa, jambo ambalo jana hakulifanya, na elimu hiyo hakupewa na mtu bure.

Ukitoka kwenye nazi ukashuka kwenye diko la Deep Sea samaki wanapoingia, hoja inakuwa nzito kuliko mzaha. Hapo pua, jicho na kidole hufanya kazi kwa zamu. Jicho la samaki liwe angavu na lililojaa, matamvua yawe mekundu, nyama ikibonyezwa irudi ilipokuwa. Haya yanajulikana kote duniani. Lakini mnunuzi wa Tanga ana mtihani wa ziada, kwa sababu pwani hii iliteswa kwa miongo mingi na uvuvi wa baruti. Samaki aliyeuawa kwa mlipuko huwa amelegea, mgongo umevunjika ndani hali ngozi ni nzima, na ukimpasua unakuta damu imevia tumboni. Kwa macho ni changu kama changu mwingine. Vidole ndivyo vinavyomkamata. Mama aliyezoea humshika katikati, humwinua, humwona anavyojikunja, humrudisha kwenye fungu bila kusema neno, na muuzaji anajua ameshtakiwa, amehukumiwa na amefungwa. Hakuna kibandiko cha bei kinachoweza kufanya kazi hiyo. Samaki huyo akishakatwa vipande, akagandishwa na kuwekwa kwenye pakiti yenye picha ya bahari ya bluu, kesi imekwisha na mtuhumiwa ameachiwa huru.

Nitachepuka kidogo hapa, kwa kuwa Tanga ina samaki ambaye hadithi yake haiwezi kupitwa bila kusalimiwa. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka enzi za dinosaria mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kuingia kwenye nyavu za papa za wavuvi wa Tanga mwanzoni mwa karne hii, na kufikia 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Dunia ilishangilia. Jikoni hapakuwa na shangwe, kwa maana nyama yake ina mafuta mengi, ladha yake haina mtetezi, na tumbo la aliyeila hulalamika. Kwa sifa za kitaaluma silikanti ni johari, na kwa mizani ya pua na ulimi ameshindwa na kibua. Kiumbe anayeishi bila kupendwa na mpishi hata mmoja ana nafasi nzuri ya kufikisha miaka milioni mia nne.

Kuna watu watasema kwamba haya yote ni mapenzi ya kizee kwa masoko ya zamani, na kwamba duka kubwa lenye matoroli na taa haliwezi kuwa na harufu wala kelele. Si kweli, na ushahidi nautoa mbali. Huko California Wameksiko waliohamia Marekani walijenga maduka yao makubwa. Mojawapo, Northgate, lilianza mwaka 1980 katika mji wa Anaheim. Maduka hayo yana toroli, yana viyoyozi, yana mistari ya kulipia. Lakini wenye maduka wa namna hiyo walijua wateja wao hawanunui kwa macho peke yake. Wakaweka mapipa ya pilipili kavu ambayo mtu huchota na kunusa mwenyewe. Wakaweka mashine ya kuchoma mikate ya mahindi humo humo ndani, ili harufu ya mahindi yaliyochemshwa na chokaa imkute mteja kabla hajakumbuka alichofuata. (Ndiyo, chokaa, ndugu yake ile inayopakwa kwenye tambuu, ndiyo inayoyapa mahindi harufu ile, tena huyaongezea manufaa mwilini.) Wakaweka vinywaji vya matunda kwenye madumu ya kioo, bucha ambalo mchinjaji wake anaulizwa maswali, na maembe yaliyokatwa yakanyunyiziwa pilipili, ndimu na chumvi. Huo mnyunyizo wa mwisho una unga wake maalumu uitwao Tajín, ulioanza kutengenezwa Jalisco mwaka 1985. Watoto wa Ngamiani, hapa Tanga, wanaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili nje ya shule hawakuhitaji kuusubiri.

Wala kufanana huku si bahati. Ukipita Mgandini na kuuliza kila bidhaa ilikozaliwa, nusu ya meza zitajibu kwa lafudhi ya Kimeksiko. Parachichi, papai, maboga, pilipili. Mahindi, yaliyoanza kulimwa huko yapata miaka 9,000 iliyopita. Nyanya, ambayo wazee wake wa porini ni wa milima ya Andes lakini mikono ya Meksiko ndiyo iliyoilea. Ondoa vitu hivyo, na kachumbari ya Tanga inabaki kitunguu kinachojililia chenyewe. Hata kikapu na kamba vina deni huko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge yenye asili ya Yucatán, ikapitia Florida na Hamburg, na katika miche elfu moja ni 62 tu iliyosalimika kupandwa Kikogwe, Pangani. Inasimuliwa kwamba ilisafirishwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa, na ingawa sioni haja ya kuiamini hadithi hiyo, sioni pia haja ya kuiharibu, maana mkoa mzima uliolima mkonge kwa zaidi ya karne unastahili mamba mmoja. Nasi tulilipa. Ukwaju na rozela, vinywaji ambavyo Mmeksiko hawezi kumaliza joto bila hivyo, asili yake ni Afrika. Embe nalo, ingawa si sisi tuliolituma, lilifika kwao kwa merikebu za Wahispania zilizosafiri kati ya Manila na Acapulco tangu 1565 hadi 1815. Mtu wa Tanga akiingizwa kwenye duka la Wameksiko akiwa amefungwa macho hatapotea, kwa kuwa pua itamfikisha kwenye ukwaju na masikio yatamwambia wapi watu wanabishana bei ya nyama.

Niliahidi mikasa, na bila pilipili mikasa haijaanza. Pilipili mbuzi ina harufu inayomfanya mtu aliyeshiba ahisi njaa. Ni harufu ya matunda, tamu kidogo, na ndiyo inayomvuta mteja kuichana kwa ukucha ili ainuse vizuri zaidi. Kisha anaendelea na safari yake. Dakika kumi baadaye, kwenye meza ya maharage, vumbi linamwingia jichoni. Kilichotokea baada ya hapo hakina haja ya kusimuliwa kwa mtu aliyekulia pwani. Kila soko lina mtu aliyewahi kuonekana akiinama kwenye ndoo ya muuza samaki, akiosha uso kwa maji yaliyosafisha ngisi, huku watu watano wakimpa ushauri unaopingana. Maji hayasaidii sana, kwani kile kiwashacho hakiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, na ndiyo maana ulimi ulioungua hutulizwa na maziwa. Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alitaka kupima ukali wa pilipili, na kifaa alichotumia kilikuwa ndimi za watu: alizimua pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wakasema hawahisi kitu, na kiasi cha kuzimua ndicho kikawa kipimo. Sayansi yenyewe, ilipokwama, ilimwomba binadamu afungue kinywa. Sioni kwa nini duka lione aibu kufanya hivyo.

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara, jambo jema kwa bahari na kwa mbuzi, ila lilifungua mlango wa mikasa ambayo zamani plastiki iliizuia. Mfuko mbadala, ule wa kitambaa chepesi, una tabia njema kila siku isipokuwa siku ya samaki. Hauvuji kwa kishindo. Huanza kwa kuloa chini kimyakimya, na mwenye mfuko hana habari mpaka abiria wa kiti cha mbele kwenye daladala ageuke na kutazama kiatu chake. Hapo ndipo kila abiria hupewa nafasi ya kutaja, kwa pua tu, ni samaki gani. Wapo hodari watakaokuambia ni kolekole na kwamba ulichelewa kumnunua. Ukibeba papa mkavu huhitaji kuvuja ndipo ujulikane. Na fenesi! Fenesi lililoiva halifichiki hata likifungwa kwa kanga mbili, na aliyelikata bila kupaka mafuta mikononi na kwenye kisu atakwenda na utomvu wake wiki nzima, akishikana na kila mlango anaoufungua. Kikapu cha ukili kingevumilia mambo haya kwa heshima zaidi, na wengi wamekirudia. Lakini hata kikapu hakina dawa ya fenesi.

Anayetilia shaka nguvu ya pua ayatazame masoko ya Tanga alasiri ya Ramadhani. Kwa mwezi mzima ulimi umefungiwa mchana. Huruhusiwi kuonja chungwa, huruhusiwi kutafuna ubuyu mmoja ili ujue kama rangi imezidi sukari. Mtu angedhani mnunuzi atapunguza matumizi kwa kuwa kifaa kimoja kimezimwa. Kinyume chake ndicho hutokea. Pua inachukua madaraka yote, na pua haina kiasi. Mtu aliyetumwa mihogo na nazi mbili anapita kwenye harufu ya kaimati zinazotoka kwenye mafuta, anapita kwenye iliki iliyosagwa sasa hivi, anapita kwenye bada la makopa na mchuzi wa papa, na anafika nyumbani na magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, tambi, tende za aina mbili, unga wa uji, bila mihogo. Adhana ya magharibi ikishaadhiniwa, akanywa maji, akala tende tatu na kikombe cha uji wa pilipili manga, anaitazama sinia na kugundua kwamba aliyenunua vyote hivyo alikuwa mtu mwingine. Jikoni nako mpishi anakisia chumvi kwa mvuke. Wanazuoni wengi wamemruhusu mwenye haja agusishe ncha ya ulimi kisha ateme, ila wapo wapishi wenye kujihadhari wasiotaka hata hilo, na mchuzi wao ukiwa na chumvi mara mbili watu hula kwa adabu na kuomba maji kwa wingi. Mwezi huu unanisaidia hoja kwa namna ya kipekee, maana ukiondoa ladha na ukaacha harufu, makosa yanaongezeka, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba soko la alasiri ya Ramadhani halina raha.

Pingamizi lenye uzito ni la usafi. Vidole arobaini vinavyolipapasa papai moja vimetoka wapi? Kipindupindu si hadithi ya kutishia watoto, na mtu anayekumbushia nzi kwenye meza ya nyama ana haki ya kusikilizwa. Namsikiliza. Lakini nikitazama kwa makini naona kwamba anachokilalamikia ni mifereji iliyoziba, bomba lisilotoa maji na paa linalovuja, mambo ambayo halmashauri yoyote inaweza kuyarekebisha bila kukata kidole cha mtu. Papai linamenywa, nazi ina kifuu, chungwa lina ganda, na nyanya inaoshwa. Kilichopikwa kifunikwe, hilo sina ubishi nalo. Weka maji ya kunawa kila mlango wa soko na uone kama yupo mama atakayeacha kubonyeza kwa kuwa mikono yake ni safi. Atabonyeza kwa ujasiri zaidi.

Pingamizi la pili ni la kupunjwa. Fungu halina kilo. Kisado kinaweza kupigwa kikabonyea kitako. Gunia la lumbesa lililovimba juu ya mdomo wake limemnyonya mkulima miaka nenda rudi, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele hadi sauti kukauka. Katika hili nakubali nusu: mizani iliyohakikiwa na yenye lakiri ni bora kuliko jicho, na ningependa kuiona kila meza. Nusu nyingine siikubali, kwa sababu mizani hupima uzito tu. Kilo moja ya nyanya zilizooza katikati ni kilo moja halali. Na fungu, pamoja na hila zake zote za kuficha mbaya nyuma, humruhusu mwenye shilingi chache kununua nyanya nne na pilipili mbili na kupika leo, jambo ambalo kisahani cha plastiki chenye uzito maalumu hakimruhusu.

Lipo la tatu, ambalo wanaume hawalitaji. Wengi wanaolisifu soko, wanaosema pua hivi na harufu vile, ni wanaume waliokaa barazani wakinywa kahawa tungu huku mchuzi ukiandaliwa na mtu mwingine. Mwenye mzigo, jua la utosini, mtoto mgongoni na saa ya chakula inayokaribia hana nafasi ya kufurahia jinsi nazi inavyonong'ona. Anataka nazi nzima, upesi, aende. Sina jibu la kulishinda hili, na nadhani halipaswi kushindwa. Jibu pekee la haki ni kuwapeleka wasifiaji sokoni. Mpe mume wa barazani kikapu, mpe orodha yenye samaki, nazi, pilipili na parachichi la kuliwa kesho, si leo wala keshokutwa. Akirudi na jicho jekundu, kiatu kinachonuka changu na parachichi la kuliwa wiki ijayo, sifa zake zitapungua maneno, na zile zitakazobaki zitakuwa za kweli.

Basi duka kubwa likija kufunguliwa Tanga kwa watu wa Tanga, mimi sitalipinga. Nitaomba tu liwe na chumba cha nazi ambacho mtu anaweza kutikisa bila kutazamwa na mlinzi, meza ya samaki yenye barafu na isiyo na kioo, magunia ya iliki na mdalasini ya Amani yakiwa wazi, kisu na machungwa ya kuonjesha, na bomba la maji karibu na pilipili, pamoja na maziwa kwa wasiosikia maonyo. Hayo yote yanawezekana. Linalonisumbua ni nyongeza. Mgandini, ukishalipa fungu la nyanya, unabaki umesimama, unatazama pembeni, unasema "niongeze basi", na muuzaji anatupia ndimu moja au pilipili mbili huku akilalamika kwamba utamfilisi. Wameksiko wanayo desturi hiyo hiyo, na wanaidai kwa bidii ile ile. Sasa risiti ya mashine ya EFD itaiandikaje ndimu iliyotupiwa kwa manung'uniko? Bei yake ni sifuri, kodi yake ni sifuri, na mteja bado amesimama hapo anasema moja haitoshi, ongeza ya pili, na foleni nyuma yake imefika mlangoni.